Unga wa Kabati la Juu

Maneno yenyewe yalikuwa machache, na Hiyam alikuwa ameshayakariri: "Sista, nimejaribu. Wachukue." Angemwambia Sista Filomena wa kituo cha yatima siku atakayopanda kutoka mjini baada ya sikukuu ya Ubatizo, akiwa na karatasi za kuasili watoto za mahakama ya askofu, zilizobaki kutiwa saini tu. Mumewe, Tanios, hakujua. Mama mkwe wake, Bibi Warde, hakujua, na angejua pengine angepiga vigelegele. Watoto wenyewe, Mirna na mdogo wake Jad, ndio hasa hawakutakiwa kujua, na ndio walioanza kuhisi. Mtoto aliyelelewa na masista anajua kuusoma uso wa mtu mzima kabla hajajua kusoma a, e, i.

Msidhani Hiyam alikuwa mwanamke mbaya. Mtu mbaya walau husikia kitu: chuki, wivu, kinyaa. Hiyam hakusikia kitu. Watoto waliletwa mkesha wa Mtakatifu Barbara, mwanzoni mwa Desemba, theluji ikianza kushika vileleni, Mirna ana miaka minane na Jad minne, kila mmoja na mfuko wake wa plastiki wa nguo. Alikuwa amewangoja miaka. Siku hiyo alijiandaa kulia, akaweka hadi leso mfukoni. Akawatazama wakishuka kwenye gari la Tanios, akausubiri moyo ufanye kazi yake, na moyo haukufanya chochote. Ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Mguu walau ukiusogeza unachoma. Wake ulitulia tu.

Basi alifanya kazi. Aliwaogesha, akawachana nywele, akampunguzia Jad suruali, akajua nani hali vitunguu na nani haogopi giza. Aliwanunulia nguo mpya zikajaa droo, na zile walizokuja nazo zikabaki kwenye mifuko nyuma ya mlango wa chumba chao, kama zilivyofika. Kazi zote za mama alizifanya barabara, bila kosa, kama mhudumu wa hoteli nzuri. Usiku alilala usingizi mzito usio na ndoto, na asubuhi akaamka akakuta ganzi iko pale pale alipoiacha.

Tanios yeye alirukwa na akili. Mtu mzima mwenye mvi, fundi mawe anayeheshimika, akawa farasi. Alimpandisha Jad mgongoni akazunguka naye jiko la dizeli la kupashia nyumba joto, akilia kama punda, maana sauti ya farasi ilimshinda. Siku ya Mtakatifu Barbara aliwaonyesha kutandaza pamba kwenye visahani na kumwagia ngano na dengu, ziote, zipambe pango la Noeli. Jad aliinywesha ngano yake maji mpaka pamba ikaelea. "Umeipanda au umeibatiza?" Tanios alimwuliza, na mtoto akacheka hadi akapata kwikwi. Hiyam aliwasikia kutoka jikoni. Akakausha sahani, akaipanga, akachukua nyingine.

Sasa, kuna jambo moja lazima lisemwe, maana bila hilo hadithi hii haiendi. Katika milima ile, nyumba ikipata mtoto, hupikwa meghli. Ni uji mzito wa unga wa mchele na kisibiti na mdalasini, rangi yake kahawia kama udongo uliolimwa, juu yake lozi zilizolowekwa na nazi iliyokunwa. Hupikwa sufuria kubwa, na mabakuli huenda nyumba kwa nyumba. Bakuli likishaingia kwa jirani, neno limetoka: hapa kuna mtoto, ni wetu, mmekula meghli yake. Hakuna kadi wala tangazo la kanisani linalozidi hapo. Na Noeli kila nyumba hupika, hata ya wazee wawili wasio na meno, kwa sababu siku hiyo Mtoto amezaliwa kwa wote.

Hiyam alikula meghli za watu miaka kumi na mitano. Kila alipopokea bakuli, aliyelileta alimwambia lile neno analoambiwa mwanamke asiye na mtoto: "Na kwako, inshallah." Alijifunza kujibu "Amina" kwa tabasamu la meno tupu. Mara moja tu ilikaribia kuwa zamu yake. Miaka tisa iliyopita tumbo lilifika mwezi wa saba, na Bibi Warde, ambaye hajui kungoja, akasaga mchele kwa mkono wake, akauchanganya na kisibiti na mdalasini, akautia kwenye chupa kubwa ya kioo na kuufunga kwa nta. Jina la mtoto lilikuwa tayari, Botros, la babu yake. Botros alizaliwa hapumui. Ile chupa ilipandishwa kwenye kabati la juu jikoni, na tangu siku ile hakuna aliyeifungua wala kuitaja. Vumbi Hiyam alilipangusa kila Jumamosi.

*

Siku ya Noeli wageni walimiminika tangu kengele ya misa. Bibi Warde alikuwa amepika meghli yake, ya unga wa dukani, na aliketi karibu na jiko la dizeli akigawa mabakuli kama hakimu anayegawa urithi. Watoto waliketi chini kando ya pango, kila mmoja na bakuli lake na kijiko. Ngano ya Jad ilikuwa imeota, imelala upande mmoja kwa maji mengi, lakini imeota.

Mama Fares aliingia na sauti yake kwanza, mwili ukafuata. Nyumba yake inatazamana na ya Hiyam, balkoni kwa balkoni, na kijijini hawahitaji gazeti kwa sababu wana yeye. Nyuma yake alikuja mkwe wake Rima, mke wa Fares, binti mpole aliyeolewa miaka minne na bado hajapata mtoto. Bibi Warde alimpa Rima bakuli na lile neno: "Na kwako, inshallah."

"Amina, bibi," Rima akasema, akatabasamu.

Mama Fares aliwaona watoto, akapiga makofi. "Hao! Hao ndio! Mashallah, tazama macho ya huyu mdogo! Mabruk kwa alichowaletea Mungu. Leo ndiyo nakula meghli ya haki katika nyumba hii. Hongera, Mama Jad!"

Hiyam alikuwa ameshika sinia la vikombe. Kabla hajajibu, Bibi Warde alijibu.

"Hiyo ni ya Mtoto Yesu, Mama Fares. Kula tu, usiipachike jina lingine."

"Kwani nikiipachika itachacha?"

"Meghli ya mtu hupikwa baada ya uchungu. Na uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Na kulea mimba si kazi, dada yangu, kazi kulea mwana," Mama Fares akamrudishia, mdomo umejaa lozi. "Mimi nimezaa watano. Uchungu wote nimeumaliza mimi. Leo Noeli, umesikia simu yangu ikilia?"

Watu wakacheka, Bibi Warde naye akacheka kidogo kwa sababu ya heshima, na mazungumzo yakahamia kwenye jenereta ya mtaa. Ni Hiyam peke yake aliyemwona Mirna. Kijiko cha msichana kilikuwa kimesimama hewani. Alikirudisha bakulini taratibu, akaliweka bakuli sakafuni, kisha akanyoosha mkono akamnyang'anya Jad la kwake.

"Usile," akamnong'oneza. "Si yetu."

Jad akaanza kulia. Hiyam alitua sinia. Alijua kwamba hapa ndipo mama angepiga magoti, amkumbatie mtoto, amtazame mama mkwe wake usoni na kusema neno. Aliliona jambo zima kama linavyoonekana kwenye televisheni ya jirani, bila sauti.

"Mwache ale," alisema. Akarudi jikoni na vikombe.

Jioni, wageni walipokwisha, Mirna alikuja kumsaidia kuosha vyombo. Hakuna aliyemwomba. Alikuwa mtoto wa kufanya kazi kabla hajatumwa, jambo lililomhuzunisha Tanios na kumpendeza Bibi Warde.

"Anti," Mirna akasema. "Sisi tulipozaliwa, ilipikwa?"

"Sijui."

"Sista anajua?"

"Sidhani."

"Basi haikupikwa."

Hapo angeweza kudanganya. Uongo wa namna hiyo hata padri angeusamehe bila kusubiri toba. Haukumjia. "Sijui, Mirna. Suuza hicho."

Mirna akasuuza. "Inapikwaje?"

Hiyam akamwambia, kwa sauti ile ile anayosomea maelekezo ya dawa: unga, sukari, maji mengi baridi, koroga kwanza ndipo uwashe moto, koroga upande mmoja, usiuache mkono.

"Ukiuacha?"

"Inashika chini. Ikishashika, hata ukikoroga vipi, imeungua."

Msichana aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalipanda kabati la juu. "Na ule unga wa kwenye chupa, ni wa meghli? Una rangi ile ile."

"Ndiyo."

"Ni wa nani?"

Hiyam alifunga bomba. "Wa mtu ambaye hakuja," alisema, akamwonyesha mahali pa kutundika kitambaa.

*

Kesho yake Tanios alimchukua Jad wakaenda kununua dizeli, safari ya nusu saa ambayo kwa Jad ilikuwa kama kwenda Ulaya. Bibi Warde alikwenda kumtazama dada yake mgonjwa, nyumba ya chini ya kanisa. Hiyam alipanda kwenye paa na koleo kusukuma theluji, maana paa zile bapa zikiachiwa theluji huanza kuvuja juu ya vitanda. Alisukuma taratibu. Chini kijiji kilifuka moshi. Aliwaza ni siku ipi Sista atakuja, na kama angesema yale maneno sebuleni au mlangoni. Mlangoni ingekuwa haraka zaidi.

Ndipo harufu ikamfikia. Kisibiti na mdalasini, hafifu, kama nguo za marehemu ukifungua sanduku. Alisimama. Kisha akateremka ngazi, na hakukimbia.

Mirna alikuwa amesimama juu ya kiti mbele ya jiko la gesi, amevaa aproni ya Bibi Warde imemfunika mpaka vidole vya miguu. Kwenye moto ilikuwa sufuria kubwa kuliko zote za nyumba. Na juu ya meza ilikuwa ile chupa, tupu, nta yake imebanduliwa kwa kisu na kuwekwa vizuri kwenye kisahani, kama kitu ambacho mwenyewe angekitaka tena.

Hiyam aliisubiri hasira. Aliisubiri kwa haki kabisa, maana mtu akimwagiwa miaka tisa ndani ya sufuria anastahili walau kupiga kelele. Haikuja. Alimwona msichana amegeuka, amemwona, amekuwa mweupe. Na aliuona mwiko ukipunguza mwendo, ukisimama.

"Usiache," Hiyam akasema.

Mirna hakusogea. Uji ukaguna chini sufuriani.

"Nimesema usiache mkono! Itashika!" Akakivuka chumba kwa hatua mbili, akauchukua mwiko, akakoroga. Ilikuwa imeanza kuwa nzito. Upande mmoja, bila kuacha, kutoka pembeni kwenda kati. Alikuwa ameutazama mkono wa mama yake na wa mama mkwe wake ukifanya hivyo, lakini wake mwenyewe haujawahi kupewa nafasi.

Mirna alibaki amesimama kitini, ameshika aproni kwa mikono miwili.

"Nani kakwambia uuguse huu unga?"

"Hakuna."

"Nilikwambia ni wa nani."

"Ulisema ni wa mtu ambaye hakuja." Mirna aliitazama ile chupa. "Kwa masista, sahani ya asiyekuja anapewa aliyekuja. Ndiyo sheria. Sista hakasiriki."

Hiyam alikoroga. Bega lilianza kumuuma, pale kwenye kiungo, maumivu madogo ya kawaida.

"Kwa hiyo umejipikia."

"Si mimi." Mirna alishangaa kwamba mtu mzima hajui jambo rahisi kama hilo. "Mimi mkubwa, yangu imeshapita. Ni ya Jad. Jad bado mdogo, watu watakubali. Wakishakula yake, hata mkinirudisha mimi, yeye atakuwa ameshakuwa wa hapa. Huwezi kula meghli ya mtu halafu ukamrudisha. Si ndiyo?"

"Nani amesema mnarudishwa?"

"Hakuna aliyesema."

"Basi?"

Msichana alitazama ndani ya sufuria. "Nguo zetu bado ziko kwenye mifuko," alisema.

Mwiko ulizunguka, ukazunguka. Hiyam alitafuta jibu, na jibu alilolikuta mdomoni lilikuwa lile alilolikariri, limekunjwa tayari kwa ajili ya Sista Filomena. Akaendelea kukoroga. Ubaya wa meghli ni huo, na pengine ndiyo faida yake: ikishaanza haimngoji mtu afikiri.

Mlango wa mbele ukafunguliwa, na sauti ya Bibi Warde ikaingia na baridi. "Harufu gani hii? Nani kajifungua?"

Aliingia jikoni bado anafungua kilemba chake cha sufu. Aliona aproni yake. Aliona sufuria. Alikuwa amekwisha kufungua kinywa kumgombeza mtu ndipo akaiona chupa.

Alivuta kiti akaketi. Akaichukua chupa, akaipeleka puani, akaitua.

"Huu niliusaga mimi," alisema.

"Najua, mama."

"Kwa mkono wangu. Kwenye kinu cha marehemu mama yangu. Wa Botros."

"Najua."

"Nilidhani uliutupa zamani. Nikawa siangalii juu nikipita, nisijue."

"Nilidhani ukiukosa utaumia," Hiyam akasema. "Ndiyo maana nikauacha."

Miaka tisa mmoja aliutunza unga ule kwa ajili ya mwenzake, na mwenzake hakuthubutu hata kuutazama. Bibi Warde alifuta pua kwa ncha ya kilemba. Kisha akamgeukia Mirna, ambaye alikuwa ameshuka kitini na kujibanza kwenye ukuta kama kwamba ukuta ungemfungulia.

"Na hii sasa ni ya nani?" akauliza. Hakumwuliza mtoto. Alimwuliza Hiyam, na alimtazama sawasawa. "Nijibu. Meghli haipikwi hewani. Ni ya nani?"

Hiyam hakusikia mbingu kufunguka. Niseme kweli, hakusikia lolote zaidi ya bega. Lakini alijua kwamba swali lile lina majibu mawili tu na kwamba yote mawili yako mdomoni mwake, na mkono wake ulikuwa bado unakoroga.

"Ya wanangu," alisema. Alilisema bila kutetemeka, kama anayetaja siku ya juma. "Ya Jad. Na ya Mirna."

"Mimi yangu imeshapi—"

"Nyamaza, mama," alimwambia msichana. "Njoo ukoroge, bega limekufa."

Mirna akasogea. Akashika mwiko chini ya mkono wa Hiyam, na kwa muda wakakoroga pamoja, vibaya, wakigongana.

Bibi Warde aliwatazama. Alikuwa na neno. Bibi Warde hakosi neno. Aliinuka, akachovya kijiko, akapuliza, akaonja, akakunja uso.

"Kisibiti kimekufa," alitoa hukumu. "Hii hainuki kitu, inanuka kabati." Akafungua mtoto wa meza wake, ule ambao hata Tanios haruhusiwi kuufungua, akatoa kikopo cha kisibiti, akamwagia sufuriani kiganja kizima. "Na lozi? Mmeloweka lozi?"

"Hatukuloweka."

"Meghli bila lozi ni tope la barabarani. Mtaniaibisha kwa Mama Fares, yule atalisema mpaka Pasaka. Hamjui kuzaa ninyi, mnajua kukurupuka tu." Alikuwa ameshaweka maji ya moto kwenye bakuli na kumimina lozi, akizimenya kwa vidole vyake vilivyopinda, na machozi yalikuwa yanamdondoka humo humo. "Koroga wewe msichana! Upande mmoja! Nani kakufundisha?"

"Anti," Mirna akasema. Akafikiri, kana kwamba neno hilo halifai tena. "Yeye."

*

Meghli huliwa imepoa. Waliyapanga mabakuli kwenye kizingiti cha dirisha, theluji ikafanya kazi ya friji. Tanios alirudi na dizeli na Jad, akaona dirisha, akahesabu mabakuli kwa macho, akamwangalia mkewe. Alikuwa mtu wa maneno machache mbali na ya punda. Alitua galoni chini, akasema anakwenda kufungua mfereji wa maji ulioganda, akatoka, na mfereji haukuwa umeganda.

Bakuli la kwanza lilikuwa la Mama Fares, hilo halina mjadala. Mirna alilibeba kwa mikono miwili na Jad alishika mkia wa koti lake, amepewa kazi ya kulinda lozi zisianguke. Hiyam alitoka balkoni kuwaangalia. Njia ni kushuka ngazi, kuvuka uchochoro, na kupanda ngazi. Walikwenda kwa uangalifu, wakikanyaga pale Tanios alipokuwa ametupa majivu.

Alijua anachokitazama. Bakuli likishaingia pale, kabla ya adhuhuri kijiji kizima kitakuwa kimelijua, mpaka masista mjini, na Sista Filomena akipanda atakuta watu wamekwisha kula. Bado angeweza kuwaita. Uchochoro ulikuwa mwembamba, sauti ingefika. "Mirna, rudi, umesahau kijiko." Ingetosha. Alishika chuma cha balkoni, kilikuwa baridi, na hakuita.

Mlango wa ng'ambo ukafunguka, ukawameza. Kisha Mama Fares akatoka balkoni kwake, bakuli mkononi, watoto wote wawili wamebanwa kwenye kiuno chake.

"Mama Jad!"

Hiyam alisubiri huyo anayeitwa aitike.

"Wewe, Mama Jad! Umekuwa kiziwi? Mabruk! Mabruk elfu! Mungu awakuze, uwaone wakioa na kuolewa! Jana tulikula ya Yesu, na anisamehe. Hii sasa ndiyo yenyewe!" Na akapiga kigelegele, na kutoka nyumba ya juu mwanamke mwingine akakidaka bila hata kujua cha nini.

Nyuma yake, mlangoni, alikuwa amesimama Rima na kijiko chake. Alikuwa ameshaonja. Alikuwa anangoja, maana sasa ilikuwa zamu ya Hiyam kusema. Mwenye meghli ndiye husema, na asiye na mtoto hujibu. Hiyam alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale, tayari, jepesi, na haki yake kabisa baada ya miaka kumi na mitano: Na kwako, inshallah. Na ng'ambo ya uchochoro aliliona tabasamu la Rima likijipanga, meno tupu, "Amina" ikiwa nyuma yake.

Hakuweza kulisema.

"Rima," aliita. "Acha hilo bakuli. Vuka uje kwangu, tule pamoja. Nina kahawa."

Tabasamu la Rima lilianguka. Chini yake kulikuwa na uso mwingine, mchovu, wa kweli. "Nakuja," alisema.

Na hapo ndipo ulipoanza, taratibu, kuanzia mahali asipopajua: ule mchomo wa kiungo kilichokaliwa kinapopata damu. Uliuma vibaya. Uliuma kwa ajili ya Rima, na kwa ajili ya Botros, na kwa ajili ya msichana aliyekubali kurudishwa ili mdogo wake abaki. Ukauma mpaka Hiyam akalazimika kushika chuma kwa mikono miwili. Jad alimpungia mkono kutoka ng'ambo. Akampungia.

Kisha akaingia ndani, kabla Rima hajafika, akaitoa ile mifuko miwili nyuma ya mlango, akaketi sakafuni, akaanza kufungua mafundo.